Popo darini: namna ya kuwatoa bila kuwaua na bila kubomoa paa

"Fundi, darini kwangu kuna popo. Dawa yake ni ipi?" Simu ya namna hii naipokea karibu kila wiki, na jibu langu huwaudhi wengi: dawa hakuna. Popo hapigwi dawa. Popo hufungiwa mlango akiwa matembezini, basi. Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira ya siku kumi na kitu, na subira ndiyo inayowashinda watu. Kwa kuwa maswali ni yale yale, nimeona niyajibu yote kwa pamoja.

Ninayoeleza hapa yanahusu nyumba za bati zenye dari la mbao, silingi bodi au jipsamu. Nyumba ya makuti ina mambo yake, na sitaigusa.

Kwanza hakikisha ni popo

Mama mmoja aliniita akiwa amekwisha kununua mitego mitatu ya panya na hajanasa hata mmoja. Kumbe alikuwa na popo zaidi ya mia. Mwingine aliapa ni popo, nilipopanda nikakuta kiota cha panya kwenye gunia la nguo kuukuu. Kwa hiyo usianze kazi kabla ya kujua unashughulika na nani.

Angalia kinyesi. Cha popo wa darini ni kidogo kama punje ya mchele, cheusi au kahawia. Ukikisaga kwa kijiti (si kwa vidole) kinavunjika na kuwa unga, na ndani yake unaona vitu vinavyometameta: ni vipande vya mbawa za wadudu. Cha panya ni kigumu, hakivunjiki hivyo. Angalia pia ukuta wa nje, chini ya ukingo wa paa. Mahali popo wanapopita pana doa la kahawia lenye mafuta, kama ukuta uliosuguliwa na kichwa chenye nazi, na chini yake kinyesi kimemwagika kwenye mstari mmoja. Sauti nayo inasema. Panya anakimbia usiku. Popo wanalialia mchana jua likiwa kali, na tena magharibi wanapojiandaa kutoka.

Popo hawa ni wadogo, wana mkia unaochomoza kama wa panya, na wanakula wadudu. Aina inayoonekana sana kwenye mapaa yetu ina gramu 20 hadi 35, na nyingine ndogo zaidi ina kama gramu 10. Wanavumilia joto la chini ya bati hata likipita nyuzi 40, mahali ambapo wewe huwezi kukaa robo saa. Watu husema wanamaliza mbu. Mbu wanakula, lakini chakula chao kikubwa ni mbawakavu na nondo, pamoja na wadudu wanaoharibu mazao.

Usiwachanganye na popo wa matunda. Yule anayekuja usiku kwenye mwembe wako, akatafuna na kutema makapi na kuchafua ukuta, halali darini. Wala popo mkubwa wa Pemba, yule wa Kidike ambaye mabawa yake yakinyooshwa hukaribia mita 1.6, hana shida na bati lako; yeye hulala mitini. Na kwa wenzangu wa visiwani: mikwaruzo ya usiku darini si popobawa, yule jini wa masimulizi. Pandisha tochi kwanza, kisomo baadaye.

Lini ufanye, lini usifanye

Popo jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, na kwa ukanda wetu uzazi mwingi huja na mvua. Mtoto anazaliwa bila manyoya, wa rangi ya waridi, hawezi kuruka kwa muda wa mwezi na zaidi. Mama akitoka kutafuta chakula humwacha darini. Ukiziba wakati huo, mama anabaki nje na watoto wanakufa ndani, juu ya kitanda chako. Harufu yake sitaieleza.

Kwa Tanga, Pwani, Dar es Salaam na pwani ya Kenya, mimi huchagua kipupwe, Juni hadi Agosti, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza. Hata hivyo usiamini kalenda peke yake. Kabla ya kuziba, panda na tochi usiku, saa moja hivi baada ya wakubwa kuondoka. Ukiona vitoto vimejibanza kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, shuka, subiri wiki sita, urudi tena.

Vifaa

- Ngazi imara, na mtu wa kuishika. Si mtoto.
- Tochi ya kichwani, ili mikono yote miwili iwe huru.
- Wavu laini wa dirisha, ule wa kuzuia mbu. Wavu wa samaki hapana, popo wananasa na kufia humo.
- Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, na mkasi wa bati.
- Sponji ngumu, silikoni ya nje, misumari midogo au stepla kubwa.
- Bomba la PVC la inchi 2, kipande cha sentimita 30 kwa kila mlango wa popo.
- Glovu nene za ngozi, ovaroli au nguo za mikono mirefu, gambuti, miwani ya kazi.
- Barakoa ya vumbi, aina ya N95. Ile nyembamba ya hospitali au kitambaa cha kanga havizuii vumbi hili.
- Bomba la kupulizia maji, lile la mgongoni la shambani, lililooshwa vizuri. Hili ni la usafi wa mwisho.

Hatua kwa hatua

1. Wahesabu jioni. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo kazi yenyewe. Chukua kiti, ukae nje kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja na nusu. Mtu mwingine akae kona ya pili ya nyumba, mtazame ukingo wa paa mbingu ikiwa nyuma yake. Wa kwanza hutoa pua, ananusa, anarudi ndani. Kisha anajitokeza tena na kudondoka kama embe bovu, futi mbili tatu, ndipo anakunjua mabawa na kwenda zake. Baada ya hapo wanafuatana. Andika wanatokea tundu gani na ni wangapi. Fanya hivi jioni mbili au tatu, kwani jioni ya manyunyu wengi hawatoki. Nyumba nyingi huwa na mlango mmoja mkubwa na miwili ya pembeni, hata kama paa limejaa penyo.

2. Kagua paa mchana. Nje, zungukia nyumba ukitazama fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa), kofia ya paa (bati la kileleni), pembe za paa zinapokutana, na mahali ukuta unapogusa mbao. Ndani, panda darini, zima tochi, ukae gizani dakika mbili. Kila panapopita mwanga ni mlango. Upenyo unaopitisha kidole gumba unawatosha. Ukipanda, kanyaga kenchi tu. Silingi bodi haibebi mtu. Nimeshamtoa fundi mwenzangu sebuleni kwa mwenye nyumba, akiwa amefikia juu ya meza ya chakula. Uwe umezima umeme kwenye mita, maana mkojo wa popo na nyaya zilizochubuka ni hatari mara mbili.

3. Ziba kila upenyo ambao hawautumii. Anza na hii kabla ya kugusa milango yao. Popo hana meno ya panya: hatafuni mbao, hatoboi bati. Anaingia palipo wazi tu, kwa hiyo huhitaji vitu vizito. Mahali pabaya kuliko pote ni mwisho wa bati la migongo, linapokaa juu ya fishabodi. Kila wimbi linaacha tundu, na nyumba ya kawaida ina mawimbi zaidi ya mia. Kata sponji ngumu kwa kufuata wimbi, isukume ndani, ushike kwa silikoni. Wenye panya pia waweke wavu wa chuma uliokunjwa badala ya sponji. Usitumie saruji hapa. Bati linatanuka kwa jua na kunywea usiku. Kabla mwaka haujaisha saruji imepasuka na popo wamerudi.

4. Weka mlango wa kutoka tu. Sasa zimebaki zile njia zao mbili tatu. Kwenye kila moja funga kimojawapo kati ya hivi:

   *Pazia la wavu.* Kata wavu wa dirisha, upana uzidi tundu kwa sentimita 20 kila upande, urefu ufike angalau sentimita 60 chini ya tundu. Pigilia juu na pembeni. Chini acha wazi, ukining'inia bila kubana ukuta. Popo anatoka, anatambaa kwenda chini, anaanguka na kuruka. Akirudi anafuata harufu ya tundu lake, anatua juu ya wavu, anazunguka hapo asijue kwamba njia iko chini.

   *Bomba.* Linafaa tundu likiwa kona au kwenye kofia ambapo wavu haukai. Elekeza mdomo wa nje chini, na upande wa ndani uishie pale pale kwenye ukuta. Ziba pembeni mwa bomba. Popo anateleza nje, lakini PVC laini hampi pa kushika kupanda tena. Usilikwaruze ndani wala kulipaka rangi ya maji.

5. Kaa jioni ya kwanza uangalie. Wakitoka vizuri, sawa. Ukiona wanajazana nyuma ya wavu bila kushuka, umebana mno. Legeza upande wa chini. Wavu ukinasa mmoja, mkate wavu, usimvute. Na usiku ule ule utawaona wakirudi na kuzunguka nyumba mara kadhaa. Hapo ndipo wenye nyumba wenye huruma hunipigia simu. Waache, watatafuta kwingine.

6. Subiri usiku saba. Usiku wa mvua au upepo mkali usiuhesabu. Kuna wavivu ambao hukaa ndani siku mbili tatu bila kutoka, na hao ndio watakaooza darini ukiharakisha.

7. Hakikisha pametulia. Jioni ya nane kaa tena kwenye kiti chako. Kusipotoka hata mmoja, kesho yake mchana panda na tochi ukague kila kenchi, nyuma ya woli pleti (ubao uliolala juu ya ukuta) na chini ya kofia, ambako hupenda kujibanza. Kukiwa kimya, toa wavu na mabomba, uzibe matundu yale siku hiyo hiyo. Siyo kesho. Harufu yao bado ipo na wanaikumbuka nyumba.

8. Safisha. Hii ina maelezo marefu kidogo, ndiyo maana nimeipa sehemu yake.

Usafi wa kinyesi

Kinyesi kikavu cha popo kinaweza kuwa na ukungu ambao ukiuvuta na vumbi unaingia mapafuni na kuleta homa na kikohozi kinachofanana na kifua kikuu. Kwa hiyo sheria ni moja: usifagie kikavu. Vaa barakoa, miwani na glovu, fungua madirisha ya vyumba vya chini, watoto na mwenye pumu wawe kwa jirani. Pulizia maji yenye sabuni ya unga kidogo kidogo mpaka rundo lote lilowe, bila kulifurikisha, kwa sababu silingi bodi ikinywa maji inabonyea na kushuka na mzigo wake. Kisha zoa kwa koleo fupi, jaza viroba nusu tu, funga mdomo, shusha.

Nawaomba sana msimwage dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo, juu ya rundo hili. Mkojo wa popo una amonia, na vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu. Darini hakuna pa kukimbilia.

Kinyesi ni mbolea nzuri, babu zetu walikijua. Kifukie kwenye shimo la mboji na udongo juu yake. Usikirushe kikavu kwenye mchicha. Ubao wa dari ulioloa mkojo mpaka ukageuka rangi, ubadilishe tu. Hakuna rangi itakayoficha ile harufu msimu wa joto.

Makosa ninayoyakuta kila mara

Moshi wa pilipili. Unawasumbua usiku mmoja, wanarudi, na wewe umewasha moto chini ya mbao zilizokauka miaka kumi. Naftalini nayo, vile vidonge vya kabatini vya kufukuza nondo: ili iwasumbue popo inabidi uweke nyingi kiasi cha kuwaumiza kwanza watu waliolala chini. Vifaa vya kutoa mlio usiosikika sijaona nyumba hata moja vilikofanya kazi zaidi ya wiki. Taa darini husaidia kidogo, kisha wanahamia upande wenye kivuli.

Sumu ya wadudu au ya panya ni baya kuliko yote. Popo mwenye sumu haendi kufia mbali. Anadondoka uani, anatapatapa chini, mtoto au paka anamshika. Hata povu la kupulizia, ambalo linaziba vizuri, usilipulize tundu likiwa na popo. Linawagandia manyoya wakiwa hai. Isitoshe jua linalila likabaki unga, kwa hiyo ukilitumia lipake rangi.

Ukikwama

*Wiki imepita na bado wanatoka.* Kuna mlango hukuuona. Siku hizi huwa naanzia kwenye kofia ya paa, kisha tundu la waya wa umeme au la antena. Rudia hatua ya kwanza, mara hii simama upande wa nyumba ambao hukuutazama.

*Popo ameingia chumbani.* Zima taa na feni, fungua dirisha moja, funga mlango wa ndani, toka. Mara nyingi dakika kumi zinatosha. Akiwa chini sakafuni hawezi kuruka kwa urahisi. Mfunike kwa kopo, telezesha karatasi ngumu chini yake, umpeleke nje umweke juu ya tawi au ukuta, siyo ardhini.

*Ameniuma, au amemkwaruza mtoto.* Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba ni popo, ili wapime haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Alama ya meno yao ni ndogo kiasi cha kutoonekana, kwa hiyo usisubiri kidonda kivimbe.

*Hawa ndio wanaoleta Marburg?* Tangu mlipuko wa ugonjwa huo wa virusi huko Kagera mwaka 2023 swali hili halikosi. Popo anayehusishwa na Marburg ni mla matunda anayeishi mapangoni na migodini, si hawa wa darini. Bado usiwashike kwa mikono mitupu, na wale wanaowachoma wawale, waache.

*Popo wameondoka, sasa tunaumwa na wadudu kama kunguni.* Hao walikuwa wakiwanyonya popo, na mezani kwao pamekwisha. Watashuka kwenye vyumba kwa wiki chache. Safisha dari vizuri, ziba nyufa kati ya dari na ukuta kwa silikoni, na pulizia dawa ya kunguni kwenye nyufa hizo tu, darini pakiwa hapana popo tena.

*Wamehamia kwa jirani.* Inatokea, na ugomvi unatokea. Mtaa mmoja nilikofanya kazi tulikubaliana nyumba nne zizibe wiki moja. Tukatundika pia sanduku la mbao zisizorandwa, lenye nafasi ya sentimita 2 na nusu ndani na wazi kwa chini, juu ya nguzo ya futi 15 nyuma ya banda la mbuzi, wiki tatu kabla ya kuweka nyavu. Mwezi mzima lilikaa tupu, mwenye mbuzi akanicheka. Nilipopita baada ya vuli, chini ya nguzo palikuwa na kinyesi, na mwenye mbuzi alikuwa anakizoa kwa ajili ya migomba yake.